Tangi la Samaki la Maabara ya Bayolojia

Ndugu Mhariri aliponitaka nichangie ukurasa wa historia katika jarida letu la mkutano wa mwaka huu, nilimwuliza kimesalia nini cha kuandikwa. Habari za timu ya mpira zimekwisha kuandikwa mara tatu, na kila mara magoli yanaongezeka. Habari za kwaya, za shamba la mihogo na za mgomo wa ugali tunazijua sote. Basi nimeona niandike historia ya tangi la samaki lililokuwa katika maabara ya bayolojia, na hasa msiba uliolipata mwezi Julai, 1979. Najua wako watakaocheka. Lakini yuko mtu aliyeadhibiwa kwa ajili ya msiba ule, na aliyestahili adhabu hakuwa yeye.

Waliojiunga na shule baada yetu huenda hawakuliona. Lilitengenezwa na wanafunzi wenyewe karakana: fremu ya chuma, vioo vya dirisha, na lami ya kuziba maungio. Lilijaa kwa madebe sita ya maji. Mashine ya kupulizia hewa haikuwapo, wala ya kupasha maji joto. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka katika vita vya Kagera. Sabuni yenyewe tulipangia foleni, seuze pampu ya samaki. Mtunzaji wake alikuwa mhudumu wa maabara, mzee mmoja mkazi wa Tandika, mtu wa maneno machache. Maji ya bomba aliyakinga mapema, akayaacha wazi katika ndoo siku mbili ili klorini itoke, ndipo akayatia tangini. Hakuna aliyemfundisha jambo hilo darasani.

Ndani walikuwamo perege wadogo kumi na wanne, kambare wawili, na wale samaki wa madimbwi ya masika tuliowavua wenyewe upande wa Mbagala, enzi hizo kukiwa na minazi na mikorosho mahali penye nyumba leo. Hao wa madimbwi ndio waliokuwa fahari yetu. Hawazidi urefu wa kidole, lakini madume yamepakwa rangi nyekundu na buluu kama kanga ya Idi. Wataalamu huwaita Nothobranchius. Aina mojawapo, ya Unguja, ilielezwa kitaalamu na Mjerumani Pfeffer mwaka 1893. Dimbwi likikauka samaki wote hufa, na mayai husubiri ndani ya tope mpaka mvua irudi. Mpaka leo wako watu Ulaya na Marekani wanaowafuga majumbani na kupelekeana mayai kwa posta, nasi tulikuwa tukiwachota kwa kopo.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Siku ya Wazazi ilikuwa inakaribia, na mwalimu wetu wa bayolojia alitaka tangi lipendeze. Mjomba wangu alikuwa mtunza bustani katika nyumba moja ya Oyster Bay yenye kidimbwi cha samaki wa dhahabu. Nilimwomba wawili. Akanipa ndani ya kopo la maziwa ya unga, akaniambia niwahi, kwa kuwa wenzao watatu walikuwa wamekufa juma lile. Ndani ya basi nilifungua kifuniko nikaona mkiani mwa mmoja wao vipunje viwili vitatu vyeupe, kama chumvi. Nilifunga kopo. Nilipofika shuleni nilipigiwa makofi, na samaki wale wakatiwa tangini saa ile ile. Habari ya wenzao waliokufa sikuitamka.

Ilikuwa kipupwe, na maji ya tangi usiku yalipoa sana. Baada ya juma moja perege walianza kujikwaruza kwenye kokoto. Juma la pili wote walikuwa na madoa, wamebana mapezi, wanahemea juu ya maji. Hata kambare, ambaye hana magamba, alionekana kama aliyenyunyiziwa semolina. Siku mbili kabla ya wazazi kuja tuliokota maiti tisa asubuhi, na siku iliyofuata sita.

Kikao kilikaa. Uongozi uliamua kwamba mhudumu alitia maji ya bomba kabla hayajatulia, yakawaunguza samaki ngozi. Ni kweli klorini huua samaki, na kwa mtu asiyejua hoja hiyo ilikuwa na sura ya sayansi. Niliitwa kama kiongozi wa klabu ya bayolojia nieleze nilichokiona. Nilisema sikuona kitu. Mzee aliandikiwa barua ya onyo, nakala katika faili lake.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya niuone mkasa huu kuwa ni historia hasa. Aliomba ruhusa awachukue waliosalia, akaondoka nao kwa debe. Nyumbani kwake Tandika alikuwa na beseni mbili. Samaki walikaa katika beseni moja yenye maji ya chumvi kidogo, kama kijiko cha chai kwa lita mbili. Asubuhi aliwahamishia ya pili. Ile ya kwanza akaimwagia maji yaliyochemka, akaisugua na kuianika juani mpaka ikauka kabisa. Jioni akawarudisha. Hivyo hivyo kila siku, asubuhi na jioni, na mchana beseni iliwekwa mahali pa joto. Nilikwenda kuwatazama siku ya nne, madoa yalikuwa yamepungua mno, nikamwambia wamepona, tuwarudishe. Akakataa. Aliendelea wiki mbili nzima. Walipona perege watano, wa madimbwi wanne, kambare mmoja, na mmoja wa wale wawili wa dhahabu, ambaye kwa hakika sikutaka hata kumtazama.

Mimi nilipata kujua maana ya yale beseni nilipokuwa mwalimu wa bayolojia, miaka mingi baadaye. Ugonjwa ule ni wa zamani na una historia yake. Wajerumani Hilgendorf na Paulicki walikwisha kuandika habari za vijidudu vya namna ile katika ngozi za samaki mwaka 1869. Mwaka 1876 Mfaransa Fouquet akakipa kijidudu jina, Ichthyophthirius multifiliis, yaani chawa wa samaki mwenye watoto wengi. Chawa si chawa, ni kiumbe cha seli moja tu, lakini habari ya watoto wengi ni kweli tupu. Mwaka 1893, mwaka ule ule Pfeffer alipowaeleza samaki wa Unguja, Wamarekani walifanya maonyesho makubwa ya dunia huko Chicago, na katika matangi yao ya samaki ugonjwa ukaingia. Mtaalamu Stiles akauandikia taarifa. Niliposoma habari hiyo nilijisemea, kumbe hata wao Siku ya Wazazi iliwaharibikia.

Mwendo wa kijidudu ni huu. Hujichimbia chini ya ngozi ya samaki na katika matamvua, hapo kikala na kunenepa. Kile kidoa cheupe ndicho chenyewe. Huweza kufikia milimita moja. Kikishiba hutoka, huzama chini, hujishikiza juu ya jiwe au kioo na kujivika ganda. Ndani ya ganda hugawanyika, wawili, wanne, wanane, mpaka mamia, pengine elfu. Watoto hao hutoka wakiogelea kumtafuta samaki, na wasipompata kwa siku moja au mbili hufa. Katika maji ya nyuzi 25 za Sentigredi mzunguko wote hauzidi juma. Katika maji ya baridi huchukua majuma kadhaa. Maji yakipita nyuzi 30 aghalabu hushindwa kuzaliana.

Kwa hiyo madoa yanapotoweka samaki hajapona. Adui ameshuka chini kwenda kuzaa. Dawa haimfikii akiwa ndani ya ngozi wala akiwa ndani ya ganda. Humpata tu akiwa mtoto anayeogelea. Ndiyo maana anayetia dawa siku mbili na kuacha huwaona samaki wake wamepata nafuu, kisha juma la pili anawazika. Na yule mzee, kwa kuhamisha samaki na kukausha beseni kabla maganda hayajapasuka, alikuwa anawamwaga wazazi pamoja na watoto wao, bila dawa yoyote ya duka. Wapo waliotumia kwinini, wengine rangi iitwayo malakaiti ya kijani pamoja na fomalini; rangi hiyo imekatazwa katika nchi za Umoja wa Ulaya kwa samaki wa kuliwa, na mimi siipendi hata kwa wa mapambo. Mjukuu wangu anayekaa Mwananyamala alipopatwa na madoa hayo tangini mwake nilimpa chumvi, kifaa cha kupasha maji na kalenda ya ukutani, nikamwambia ahesabu siku kumi baada ya doa la mwisho. Na samaki mgeni akae peke yake wiki tatu kwanza. Hilo nililisema kwa ukali kuliko ilivyopasa, akashangaa.

Mwaka 1996 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichapa kitabu cha Paperna juu ya vimelea na magonjwa ya samaki wa Afrika, na habari za kijidudu hiki zimo. Nilipokipata nilitoa nakala ya kurasa zile nikaenda nazo Tandika. Mzee alikuwa amestaafu, macho yamefifia. Nilimwamkia, nikakaa, nikamsomea kwa Kiswahili, kisha nikamweleza habari ya kopo, ya vipunje mkiani, na ya wale watatu waliokufa.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Yale madoa niliyaona asubuhi ya kwanza, mwanangu. Samaki wa dhahabu hatoki bombani."

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema mbele ya kikao.

"Wewe ungefukuzwa shule. Mimi nimeandikiwa karatasi tu."

Aliinuka akaitoa barua ile sandukuni, imekunjwa mara nne, imekuwa ya manjano. Alitaka nimsomee na hiyo pia, kwa kuwa mwaka 1979 hakuna aliyemsomea mpaka mwisho. Nikamsomea. Kisha akarudi kwenye kurasa za kitabu, akauliza kama huko kwa wenzetu nao wanatumia beseni. Nikamwambia wako wanaohamisha samaki kila siku kama alivyofanya yeye, na inafaa.

"Wanaanika?" akauliza.

Nikasema wanaanika.