Kizuri Chajiuza? Historia ya Picha ya Black Panther na Watazamaji Wake

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Kisiwa cha Mafia

MANENO YA KUSOMA KWANZA

Mtazamaji: mtu anayetazama picha ya sinema.
Mapato ya mlangoni: fedha zote wanazolipa watu ili waingie kutazama picha.
Shujaa wa ajabu: mtu wa hadithi mwenye nguvu zipitazo nguvu za binadamu.
Mfululizo: picha kadhaa zinazofuatana, zenye mashujaa wale wale.

SOMO

Ninyi mlioko Kilindoni, Utende, Baleni, Kirongwe, Kanga na Jibondo, fungueni kijitabu chenu, mfuate kwa macho haya ninayoyasema kwa mdomo. Neno likiwa gumu, litieni alama. Tukimaliza, mwulizeni mwalimu wenu.

Wazee wetu walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Mchuuzi wa samaki aijua sana methali hii. Je, ni kweli kwa kila bidhaa? Leo tutaipima kwa bidhaa moja, nayo ni picha ya sinema. Tutasoma historia ya picha iitwayo Black Panther, ambayo ilipata fedha nyingi mno duniani. Kisha tutauliza: fedha zile zatuambia nini, na hazituambii nini?

Kwanza, shujaa wa ajabu ni nani? Msidhani kuwa ni jambo geni lililotoka Marekani. Katika pwani yetu hii, tangu zamani, watu wamesimulia habari za Fumo Liyongo wa upande wa Pate na Ozi, katika Kenya ya leo. Liyongo alikuwa na nguvu za kutisha. Mkuki haukumwua wala mshale haukumwua. Alikuwa na siri moja tu: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, atakufa. Mwanawe mwenyewe alidanganywa na adui, akaijua siri, akamwua baba yake. Na ugomvi wote ulitoka wapi? Ulitoka kwa jamaa waliogombea ufalme. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliiandika hadithi hii kwa utenzi. Likumbukeni jambo hili la jamaa kugombea ufalme, maana tutalikuta tena mbele.

Pili, sinema ilifikaje kwetu? Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kituo cha kutengeneza picha huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Watengenezaji walikuwa Waingereza. Picha zao zilihusu kilimo, afya na kuweka akiba, nazo zilipelekwa kwa lori kutoka mji hata mji. Baadaye, mwaka 1952, ilitoka picha ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Mchezaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Kawawa, yule yule aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962.

Lakini watu wa mjini walipenda zaidi picha za burudani. Unguja ilikuwa na jumba kubwa la sinema tangu mwaka 1921. Katika miaka ya 1950, Unguja na Dar es Salaam, watu walijaa kutazama picha za Kihindi, kama Awara ya Raj Kapoor iliyotoka mwaka 1951. Wengi hawakujua Kihindi, lakini walikijua kilio cha mtu maskini. Katika miaka ya 1970 akaja Bruce Lee, na vijana wakaanza kurusha mateke barazani. Kwa hiyo mtazamaji wa pwani si mwanafunzi mpya. Amekwisha kuchagua mashujaa wake muda mrefu.

Sasa tuje kwenye picha yetu. Jina Black Panther lina maana ya chui mweusi. Shujaa huyu alibuniwa Marekani mwaka 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, katika vijitabu vya hadithi za picha vya kampuni ya Marvel. Tangu mwaka 2008 kampuni hiyo imetoa mfululizo mrefu wa picha za sinema za mashujaa wa ajabu. Mwaka 2009 ilinunuliwa na kampuni ya Disney. Picha ya Black Panther ilitoka mwezi wa Februari 2018. Mwongozaji wake ni Ryan Coogler, Mmarekani mweusi.

Hadithi yake ni hii. Kuna nchi ya kubuniwa katika Afrika, jina lake Wakanda. Haikutawaliwa na wageni hata siku moja. Ina madini ya ajabu, na kwa madini hayo watu wake wamepata elimu na mitambo kuliko dunia nzima. Lakini wamejificha. Mbele ya wageni hujifanya wafugaji na wakulima maskini. Mfalme wake ni T'Challa. Binamu yake, aitwaye Killmonger, amezaliwa na kulelewa Marekani katika dhiki. Baba yake Killmonger aliuawa na mfalme wa zamani, baba yake T'Challa. Killmonger anakuja kudai kiti. Basi mnaona? Ni jamaa kugombea ufalme, kama Liyongo na watu wa Pate.

T'Challa alichezwa na Chadwick Boseman. Lupita Nyong'o, aliyelelewa Kenya, alikuwamo. Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala, alikuwamo. Daniel Kaluuya, ambaye wazazi wake walitoka Uganda, naye alikuwamo. Ndiyo maana Afrika ya Mashariki iliipokea picha hii kama arusi ya nyumbani. Ilipoonyeshwa Kisumu mwezi huo wa Februari, mji ulifanya sherehe, kwa kuwa baba yake Lupita, Profesa Anyang' Nyong'o, ndiye aliyekuwa Gavana. Na tarehe 18 Aprili 2018, Saudi Arabia ilipofungua jumba la sinema mjini Riyadh baada ya miaka zaidi ya 30 bila majumba hayo, picha iliyochaguliwa ilikuwa hii hii.

Sasa chukueni kalamu, tufanye hesabu. Tuseme jumba la sinema lina viti 200. Tikiti moja ni shilingi 10,000. Viti vyote vikijaa, mapato ya mlangoni ni shilingi 2,000,000. Je, fedha hizo zote ni za mwenye picha? La. Mwenye jumba huchukua sehemu yake, na sehemu hiyo mara nyingi hukaribia nusu. Kodi nayo hutolewa. Kinachobaki ndicho kiendacho kwa wenye picha, nao wana gharama zao.

Black Panther iligharimu kama dola milioni 200 kuitengeneza, mbali na gharama za matangazo. Mapato ya mlangoni katika dunia nzima yalipita dola milioni 1,300. Zaidi ya nusu yalitoka Marekani na Kanada. Katika siku 3 za kwanza huko, watu walilipa kama dola milioni 200. Mwezi wa Februari 2019 ilipata tuzo 3 za Oscar. Tena ilikuwa picha ya kwanza ya shujaa wa ajabu kuingizwa katika shindano la picha bora ya mwaka, ingawa tuzo hiyo haikuipata.

Je, methali yetu imeshinda? Kizuri kimejiuza? Ngojeni kwanza. Picha hii pia ilitembezwa. Matangazo yalibandikwa mijini, yakaonyeshwa katika televisheni na katika simu za watu miezi mingi kabla haijatoka. Bidhaa hii ilijiuza na kujitembeza pamoja. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Picha ile ni nzuri kwa sababu imepata fedha nyingi," mwulize: wangapi waliingia kwa kuwa ni nzuri, na wangapi waliingia kwa kuwa waliitwa?

Tena, fedha za mlangoni huwahesabu wale tu waliopita mlangoni. Hapa Mafia wengi wetu hutazama picha katika simu, au nyumbani kwa jirani mwenye televisheni, au katika kibanda umiza. Tuseme watu 60 wameketi kibandani, kila mmoja ametoa shilingi 500. Hizo ni shilingi 30,000. Shilingi hizo hazimo katika zile dola milioni 1,300. Wala wapenzi wa picha zilizotafsiriwa kwa Kiswahili hawamo. Mnamjua Derek Mukandala, aliyeitwa Lufufu, aliyevuma Dar es Salaam kwa kutafsiri picha za kigeni. Kule Kenya yuko DJ Afro. Mtafsiri wa namna hii hasemi tu maneno ya wachezaji. Hutania, huonya, humpa shujaa jina la mtaani. Watu wanaomsikiliza ni umati mkubwa, lakini hakuna daftari la Marekani linalowaandika.

Basi wale waliotazama walisema nini? Maoni yao yalikuwa makundi matatu, nami nitayaeleza moja moja.

Kundi la kwanza lilifurahi. Lilisema: kwa miaka mingi sinema imemwonyesha Mwafrika akiwa mbeba mizigo wa mzungu, au mtu wa kuhurumiwa. Safari hii yeye ni mfalme, na jemadari wake ni mwanamke, na mwenye akili kuliko wote ni binti Shuri, dada yake mfalme. Watu wengi walikwenda kuitazama wamevaa vitenge na kanzu, kama waendao karamuni.

Kundi la pili lilikuwa na shaka. Lilisema: Wakanda imeshonwa kwa viraka. Lugha yao ni Kixhosa cha Afrika ya Kusini. Mablanketi ni ya Lesotho, rangi nyekundu ni ya Wamasai, sahani ya mdomoni ni ya watu wa kusini mwa Ethiopia. Je, Afrika ni kijiji kimoja? Tena sehemu kubwa ya picha ilipigwa Atlanta, Marekani, na faida ilikwenda huko huko. Na nchi yenye elimu namna hii, mbona yamchagua mfalme kwa mieleka?

Kundi la tatu lilibishana juu ya Killmonger. Yeye ndiye adui katika hadithi. Lakini neno lake liliwachoma wengi. Aliuliza: ndugu zetu walipochukuliwa utumwani, ninyi wa Wakanda mwenye nguvu mlikuwa wapi? Wengine walisema, "Killmonger ana haki." Wengine wakajibu, "Swali lake ni la haki, lakini dawa yake ni mbaya, kwa kuwa ataka kumtoa bwana mmoja na kumweka mwingine."

Ndugu zangu wa Mafia, swali hilo si la Marekani peke yake. Tazameni magofu ya Kua, kisiwani Juani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Bukini, yaani Madagaska, waliushambulia mji ule, wakawachukua watu mateka. Na katika karne hiyo hiyo minazi ya Mafia ilipandwa na kutunzwa na watumwa walioletwa kutoka bara, na matajiri wenye mashamba walikaa Chole. Utumwa ulikatazwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Basi kisiwa hiki kimewajua wote watatu: aliyechukuliwa, aliyemchukua, na aliyetazama akanyamaza. Mtu wa hapa anapotazama picha ile, ana jambo la kusema ambalo mtu wa Atlanta hawezi kulisema kwa niaba yake.

Tumalizie kwa picha ya pili. Chadwick Boseman alifariki kwa saratani mwezi wa Agosti 2020, akiwa na miaka 43. Watazamaji waligawanyika. Wengine walitaka T'Challa apewe mchezaji mwingine, ili shujaa asife pamoja na mtu. Wengine walisema kiti kibaki wazi kwa heshima ya marehemu. Kampuni ilifuata rai ya pili. Picha ya Wakanda Forever ilitoka Novemba 2022, ikaanza kwa maziko ya mfalme. Ilipata zaidi ya dola milioni 850, pungufu kuliko ya kwanza. Je, ilikuwa mbaya zaidi? Hesabu haiwezi kujibu. Kuna waliolia katika picha ya pili kuliko walivyoshangilia ya kwanza, na daftari la mapato halina safu ya machozi.

Basi, ndugu wasikilizaji, methali yetu ni kweli, lakini haitoshi. Hesabu hutuambia waliolipa ni wangapi. Haituambii walitoka na nini moyoni. Jambo hilo mtazamaji mwenyewe hana budi kulisema, na ninyi sasa mwajua kuandika. Miaka iliyopita wengi wenu mlitia alama ya dole gumba. Leo mwaweza kuandika sentensi tano: nimetazama picha fulani, imetengenezwa na nani, nani amepata fedha, imesema nini juu ya watu kama mimi, nami nakubali au nakataa. Andikeni hivyo juma hili, kisha msomeane darasani. Asiyeandika maoni yake ataandikiwa na mwingine.

Kwaherini, hata somo lijalo.

MASWALI YA DARASA

1. Liyongo na T'Challa wanafanana katika mambo gani? Wanatofautiana wapi?
2. Jumba lina viti 150, na tikiti ni shilingi 8,000. Viti vikijaa, mapato ya mlangoni ni shilingi ngapi?
3. Taja watu wa namna mbili wanaotazama picha lakini hawahesabiwi katika mapato ya mlangoni.
4. Killmonger aliuliza swali la haki? Jadilianeni, kila mtu atoe sababu yake.
5. Waulizeni wazee wa kijiji chenu: ni picha gani waliyoitazama kwanza, na waliipenda kwa nini? Andikeni majibu yao.