Sauti na Ukimya Jukwaani Kampala: Ulemavu, Rangi na Muziki katika Historia ya Ukumbi wa Taifa wa Uganda

Utangulizi

Kiswahili kina usemi uliozoeleka: fulani hana sauti. Maana yake si kwamba fulani ni bubu, bali kwamba neno lake halina uzito mbele ya wenye maamuzi. Usemi huu umehamia katika uhakiki wa tamthilia za Afrika Mashariki, ambamo mtunzi husifiwa kwa kuwapa sauti wasio na sauti. Makala haya yanadai kwamba usemi huo, ukitumiwa bila kuhojiwa, unaficha sehemu ya historia ya sanaa za maonyesho mjini Kampala. Kiziwi anayezungumza kwa lugha ya alama hakosi lugha. Anachokosa ni hadhira iliyojiandaa kumtazama. Kwa hiyo swali la kihistoria si nani alipewa sauti na nani, bali ni nani aliyejengewa ukumbi, kwa lugha ipi, na nani aliyeachwa nje ya mlango.

Tunaanza na majina, kwa kuwa jina hutangulia jukwaa. Katika Kiluganda, mtu mwenye ulemavu huitwa kateyamba, yaani asiyeweza kujisaidia. Asiyesema huitwa kasiru. Kiambishi ka- katika majina hayo ni kile kile kinachodunisha. Kiswahili nacho kiliwaweka kipofu, kiziwi na kiwete katika umbo la ki-/vi-, umbo la vitu, ingawa upatanisho wa kisarufi uliwarudishia utu: twasema kiziwi huyu anasoma, hatusemi kiziwi hiki kinasoma. Sarufi, kwa maoni yangu, imekuwa na huruma kuliko msamiati. Istilahi mpya kama mtu mwenye ulemavu na asiyeona zimeenea katika nyaraka za serikali, lakini mwigizaji wa vichekesho bado anajua kwamba kuchechemea au kugugumiza jukwaani kunaleta kicheko cha haraka. Watunga sera wasidhani kwamba kubadili neno katika sheria kumebadili kicheko hicho.

Ukumbi na mipaka ya rangi

Ukumbi wa Taifa wa Uganda ulifunguliwa Desemba 1959, miaka mitatu kabla ya uhuru, chini ya sheria ya mwaka huo iliyounda Kituo cha Taifa cha Utamaduni. Kampala ya wakati huo ilikuwa mji wa matabaka matatu yaliyopangwa kwa rangi: Wazungu, Waasia na Waafrika, kila kundi na vilabu vyake na shule zake. Jukwaa lenyewe, lenye upenu unaomtenga mwigizaji na mtazamaji kama picha ndani ya fremu, lilitoka katika mila ya Ulaya. Jengo halikumkataza Mwafrika kuingia; lilimtaka tu aingie kwa masharti ya wengine.

Masharti hayo yalikuwa yameshaanza kupingwa. Mwaka 1954 Wycliffe Kiyingi aliunda kikundi cha wasanii wa Kiafrika, akatunga na kuigiza kwa Kiluganda. Ganesh Bagchi, mwalimu mwenye asili ya India, aliandika tamthilia fupi kwa Kiingereza, na mojawapo, Of Malice and Men, imo katika mkusanyiko wa David Cook na Miles Lee wa 1968. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri kilichowafuata watu vijijini bila malipo, kwa Kiingereza na kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Jambo hili la mwisho hutajwa kwa nadra katika historia ya Kiswahili nchini Uganda, ambayo kwa kawaida hukimbilia kambi za jeshi na kusahau jukwaa. Okot p'Bitek alipokuwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza Kituo cha Utamaduni, mwaka 1966, ngoma na nyimbo za vijijini zilipewa nafasi ambayo hazikuwa nayo hapo awali.

Kisha Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kufukuzwa kwa Waasia, akawapa siku 90. Mazungumzo kuhusu rangi yaliyokuwa yameanza kwa kusuasua katika sanaa ya Kampala yakakatwa. Mtu hawezi kuuliza maswali ya mchanganyiko wa jamii jukwaani wakati jamii mojawapo iko uwanja wa ndege wa Entebbe na mizigo yake mkononi.

Wimbo ulioua, na mwili uliosema

Muziki ndio uliobeba kile ambacho mazungumzo ya kawaida hayakuweza kubeba. Byron Kawadwa, pamoja na mtunzi wa muziki Wassanyi Serukenya, alitoa Oluyimba lwa Wankoko mwaka 1971, mchezo wa nyimbo unaozungumzia mamlaka na uporaji wa kiti cha enzi kwa mafumbo ya jogoo na ufalme. Mwanzoni mwa 1977 kazi hiyo iliiwakilisha Uganda katika tamasha la sanaa za watu weusi, FESTAC, mjini Lagos. Baada ya kurudi nyumbani, Kawadwa alikamatwa na watu wa dola katika ukumbi ule ule aliokuwa akiuongoza, akauawa. Wanaosema kwamba sanaa ni burudani tu hawana budi kutueleza kwa nini serikali yenye vifaru iliogopa wimbo.

Robert Serumaga alichukua njia nyingine. Baada ya kuandika tamthilia za maneno kwa Kiingereza, alikigeuza kikundi chake, Abafumi, kuwa shule ya mwili. Katika Renga Moi (1972), na zaidi katika Amayirikiti (1974), maneno yalipunguzwa hadi karibu yaishe; ngoma, pumzi, kilio na mwendo vikashika nafasi yake. Jina la kazi hiyo ya pili ni la mti wenye maua mekundu, na mtazamaji wa Kampala hakuhitaji mkalimani kuelewa wekundu huo ulimaanisha nini wakati maiti zilikuwa zikitupwa mtoni Nile. Mdhibiti hakuwa na mstari wa kupigia kalamu.

Hapa ndipo historia ya tamthilia na historia ya ulemavu zinapokaribiana bila kukutana. Chini ya hofu, wasanii wanaosikia waligundua kile ambacho jamii ya viziwi imekuwa ikikiishi siku zote: kwamba mkono, uso na bega vinaweza kujenga hoja. Chama cha taifa cha viziwi kilianzishwa mwaka 1973, mwaka mmoja kabla ya Amayirikiti. Tahadhari inahitajika, hata hivyo. Lugha ya alama si uigizaji bubu. Ina msamiati, sarufi na lahaja zake, na anayeiona kama ishara za kupamba mchezo anarudia kosa la mkoloni aliyeziita lugha zetu kelele. Ukaribu wa Abafumi na viziwi ulikuwa wa mbinu, haukuwa wa uraia.

Baada ya vita, Rose Mbowa wa Makerere alitoa Mother Uganda and Her Children (1987), mchezo unaochanganya nyimbo, ngoma na lugha za makabila mbalimbali hivi kwamba hakuna mtazamaji anayeelewa kila neno, na kila mtazamaji anaelewa kisa. Mwaka huo huo uliundwa muungano wa kitaifa wa watu wenye ulemavu, NUDIPU. Kuwaweka pamoja ni uamuzi wangu, si wa vyanzo. Lakini wote wawili walikuwa wakijibu swali moja la taifa lililotoka vitani: familia hii ina watoto wangapi, na nani hajahesabiwa?

Kutoka jukwaani hadi Bungeni

Jibu la haraka lilitoka kwa wanasiasa. Katiba ya 1995 ilitambua haki ya watu wenye ulemavu kuheshimiwa (ibara ya 35), ikaweka uwakilishi wao Bungeni, na katika malengo yake ya kitaifa ikaitaka dola iendeleze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi. Mwaka 1996 Alex Ndeezi, kiziwi, akawa mbunge. Bunge na Ukumbi wa Taifa ni majirani. Mtu hutembea dakika chache tu kutoka kimoja hadi kingine. Tangu mwaka huo, mkalimani wa lugha ya alama amekuwa sehemu ya kazi ya kutunga sheria. Kwa nini lililowezekana upande mmoja wa barabara lisiwe desturi upande wa pili?

Mfano wa jirani unasaidia. Mwaka 2017 watu wenye ualbino wa kisiwa cha Ukerewe, Tanzania, walitoa albamu ya White African Power. Kwao rangi na ulemavu havitenganishwi: mtu ni Mwafrika ambaye ngozi yake inamfanya mgeni kijijini kwake. Hawakusubiri mtunzi awaandikie wahusika. Waliimba mambo yao wenyewe, na thamani ya kazi hiyo imo hapo. Tofauti kati ya kuigizwa na kuigiza ndiyo ambayo uhakiki wetu umekuwa ukiiruka.

Kwa washauri wa sera, msingi wa kisheria upo. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara yake ya 30 inataja waziwazi kumbi za maonyesho, vipaji vya kisanii vya watu wenye ulemavu na utamaduni wa viziwi. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2006 imeshafuatwa na ile ya 2020. Kinachobaki ni mambo madogo yenye gharama: taa ya mkalimani isiyozimwa jukwaa linapotiwa giza, njia ya kiti cha magurudumu inayofika jukwaani na si kwenye viti vya watazamaji peke yake, na ruzuku inayomlipa mwigizaji mwenye ulemavu kama msanii.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Wataalamu wanaoandaa vitabu vya tamthilia kwa shule hizo wataamua, ukurasa kwa ukurasa, kama kiziwi ataendelea kuwa mhusika wa kuchekesha katika onyesho la pili, au kama maelekezo ya jukwaa yataandikwa kwa namna inayomruhusu mwanafunzi kiziwi wa Ntinda kuushika mchezo huo na kuuongoza yeye.