Fremu Iliyochaguliwa na Mteremko

Mnunuzi wa baiskeli ya milimani huanza kwa kuuliza jina la kampuni, kisha uzito, kisha bei, na mara nyingi rangi huyatangulia hayo yote. Swali la njia atakayopita huja mwisho, kama likija. Historia ya baiskeli hii inataka mpangilio huo upinduliwe. Katika miaka ya 1970, vijana wa California walichukua fremu ambazo watu wengine walikwisha kuzitupa, wakazishusha mlimani kwa kasi, na kila iliyopinda au kupasuka wakaiacha. Umbo lililovumilia mchujo huo ndilo viwanda vilikuja kuliiga dunia nzima. Mchujo ule unatufundisha kuchagua fremu hata leo kuliko orodha yoyote ya sifa inayobandikwa dukani, kwa kuwa fremu nzuri hutambulika kwa kazi iliyoundwa kuifanya.

Fremu zenyewe zilikuwa za zamani. Mwaka 1933 Frank W. Schwinn, aliyekuwa akiongoza kiwanda cha baba yake huko Chicago, alileta katika soko la Marekani baiskeli ya tairi nene, upana wa inchi 2.125 kwenye gurudumu la inchi 26. Waliokusudiwa walikuwa watoto na vijana, wakiwemo wale waliosambaza magazeti mtaa kwa mtaa: watu wa kupanda na kushuka kingo za barabara, kubeba mzigo na kuitupa baiskeli chini bila kujali. Kwa hiyo fremu ilikuwa ya chuma kizito, yenye nafasi kubwa baina ya magurudumu mawili, na shingo yake, yaani paipu ya mbele inayoshika uma wa gurudumu, ililala kwa nyuzi zipatazo 68, ilhali shingo ya baiskeli ya mbio za lami husimama kwenye nyuzi 73 hivi. Tofauti hiyo ya nyuzi tano huonekana ndogo kwenye karatasi. Mlimani ni kubwa. Shingo iliyolala huliweka gurudumu la mbele mbali zaidi na mwili wa mwendeshaji, hivyo likigonga jiwe au kutumbukia shimoni, harushwi kwa urahisi juu ya usukani. Usukani nao hutulia, hautetemeki kila kokoto inapopita chini ya tairi.

Kufikia miaka ya 1970 fremu hizo zilikuwa takataka. Mtu mzima aliyejiheshimu alinunua baiskeli ya gia kumi, nyepesi, yenye tairi nyembamba. Schwinn Excelsior za kabla ya Vita Kuu ya Pili zilipatikana kwa dola chache tu. Waliozifufua katika Kaunti ya Marin, kaskazini ya San Francisco, hawakuwa watu wasiojua baiskeli bora. Gary Fisher, Joe Breeze na Charlie Kelly walikuwa waendeshaji wa baiskeli za barabarani, tena Breeze alikuwa amejifunza kuunda fremu za mbio kwa fundi Albert Eisentraut. Walizijua fremu nyepesi kwa undani, na bado kwenye njia za udongo za Mlima Tamalpais walizipendelea zile nzito za watoto. Uamuzi huo ni ushahidi wenye nguvu. Mtu anayemiliki kitu cha kisasa na kukiacha nyumbani akachukua cha zamani, huwa ameona jambo ambalo bei haionyeshi.

Mtihani wao ulipata sura rasmi tarehe 21 Oktoba 1976, yalipofanyika kwa mara ya kwanza mashindano yaliyoitwa Repack, kwenye barabara ya wazima moto wa msituni karibu na mji wa Fairfax. Njia ile hushuka takriban mita 400 kwa mwendo wa kilomita tatu na kidogo, ikiwa na makorongo, kona kali na mawe yaliyolegea. Baiskeli nyingi zilikuwa na breki ya kurudisha pedeli nyuma, inayofanya kazi ndani ya kikombe cha gurudumu. Joto la breki liliunguza grisi hadi ikatoka moshi, na mwisho wa safari ilibidi kikombe kifunguliwe na kupakwa grisi upya. Siku ile ya kwanza Alan Bonds alishinda kwa kuwa yeye peke yake hakuanguka. Fisher baadaye aliweka rekodi ya dakika 4 na sekunde 22. Lakini kwa historia ya fremu, matokeo yenye uzito zaidi yalikuwa vyuma vilivyovunjika. Kila waliposogeza kasi mbele, wakifunga gia za vidato na breki za ngoma, fremu za zamani zilipinda uma na kupasuka kwenye maungio. Umbo lilikuwa sahihi. Chuma chenyewe kilikuwa kimechoka.

Hapo ndipo tunapoona uchaguzi ukifanywa kwa akili wazi. Kelly alikwisha kuagiza fremu mpya kwa fundi mmoja mwaka 1976. Haikumridhisha, akavirudisha vifaa vyake kwenye Schwinn. Mwaka uliofuata Breeze alikamilisha ya kwanza katika kundi la fremu kumi. Alitumia paipu za chuma cha kromoli, chenye nguvu nyingi kwa uzito mdogo, akaongeza paipu mbili nyembamba zilizotoka shingoni, moja kila upande, zikapita kwenye nguzo ya kiti hadi karibu na ekseli ya nyuma, ili fremu isijinyonge mteremkoni. Pembe zake, hata hivyo, alizichukua kwa Schwinn Excelsior. Fundi huyu alikuwa na uhuru wa kuchora lolote, na ujuzi wa kulitekeleza, akaamua kutunza umbo ambalo mlima ulikwisha kulipitisha na kubadilisha tu kile ambacho mlima ulikikataa. Kufikia 1979 Tom Ritchey alikuwa akiunda fremu ambazo Fisher na Kelly waliziuza, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaleta Stumpjumper iliyotengenezwa Japani. Umbo lililopimwa na watu wachache likaanza kuuzwa kwa maelfu.

Wapo watakaosema kwamba Marin inapewa sifa isiyo yake. Kweli, vijana wa Paris waliokuwa katika Vélo Cross Club Parisien walishindana porini kwa baiskeli walizozirekebisha miaka ya 1950, na John Finley Scott alijiundia baiskeli ya njia mbovu huko Marekani mwaka 1953. Pingamizi hilo linabomoa dai la uvumbuzi, na ni haki libomoke. Halibomoi hoja ya uchaguzi, bali linaitia nguvu: watu wasiojuana, walipokabili udongo na mawe, walikimbilia vitu vilevile, yaani tairi nene na fremu imara. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema kwamba tairi, breki na gia ndizo zilizoleta mapinduzi, fremu ni kiunzi tu. Lakini tairi nene haiingii pasipo nafasi kati ya paipu za nyuma. Breki kali huitia fremu nguvu ambazo fremu dhaifu haizihimili. Kifaa chochote kinaweza kubadilishwa Jumamosi moja kwa fundi. Pembe ya shingo hubaki jinsi ilivyochomelewa.

Miaka iliyofuata inatoa ushahidi wa kinyume. Mbio zilipokua, hadi kufikia mashindano rasmi ya dunia huko Durango mwaka 1990 na Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, wauzaji walirudi kwenye mapenzi ya wepesi. Shingo zilisimamishwa hadi nyuzi 71 hivi, fremu zikafupishwa, na baiskeli ikawa hodari wa kupanda lakini yenye kutia hofu inaposhuka. Kisha uma zenye springi na tairi kubwa zaidi zikawarudisha watu kwenye miteremko mikali, na wabunifu wakaanza tena kulaza shingo. Leo baiskeli nyingi za njia za milimani zina nyuzi 64 hadi 66, zimelala kuliko hata Schwinn ile. Waliopuuza fundisho la mteremko walilazimika kujifunza upya, kwa gharama.

Fundisho hili halihitaji California. Baiskeli nyeusi za Raleigh, na baadaye Phoenix za China na Hero za India, zilitawala Afrika Mashariki kwa fremu ndefu ya chuma na shingo iliyolala, na ndizo zilizovusha abiria na magunia mpakani Busia boda boda ilipoanza. Mwaka 2005 F. K. Day, mmoja wa waanzilishi wa SRAM, kampuni ya Chicago inayotengeneza vifaa vya baiskeli za milimani, alianzisha World Bicycle Relief. Baiskeli yake ya Buffalo, inayotumika Kenya, Zambia na Malawi, ni ya chuma kizito na ina keria ya kubeba kilo 100. Mtu aliyezijua aloi nyepesi kuliko wengi alichagua chuma, kwa sababu aliangalia njia, mzigo, na fundi wa kijijini mwenye mashine ya kuchomelea. Kwa hiyo anayechagua fremu aanze na njia: ina mteremko gani, inabeba nini, na ikivunjika nani ataitengeneza. Aangalie pembe ya shingo, nafasi ya tairi na maungio ya paipu. Jina na rangi vije baadaye, kwa kuwa havijawahi kumzuia mtu asianguke.