NUSU SIKU BAHARINI: WATU WASIO NA MAJINA WALIOITENGENEZA TRIPU YENU YA BAGAMOYO

Mdau, fungua simu Jumapili jioni uone. Fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari, boti imeegeshwa pembeni, mrembo kasimama juu ya ubao mrefu kashika kasia, mwingine kavaa miwani ya kuzamia na mpira wa kupumulia mdomoni. Chini ya picha kuna jina la aliyepiga, jina la duka la nguo na majina ya washkaji wote waliokuwepo. Nahodha aliyewapeleka na kuwarudisha salama hatajwi.

Hajaanza leo kutotajwa. Historia ya pwani ya Bagamoyo imejaa majina ya waliopanda vyombo, lakini walioviendesha wamebaki "nahodha" na "mabaharia" tu. Na kila kitu unachokiona kwenye tripu ya nusu siku, kuanzia saa ya kuondoka mpaka mahali pa kutia nanga, kilifanyiwa kazi na hao hao.

VIGWAZA NA BAHARI WAPI NA WAPI?

Watu wengi wanaijua Vigwaza kwa mizani ya malori pale barabara ya Morogoro, kati ya Mlandizi na Chalinze. Hakuna ufukwe pale. Ila kuna mto Ruvu, unaoanzia milima ya Uluguru, unapita maeneo yale na kwenda kumwaga maji baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Wasafiri wa karne ya 19 waliuita Kingani, na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilikuwa lazima iuvuke.

Kwa hiyo kijana wa Vigwaza anayepanga kwenda kuogelea Bagamoyo, maji ya mto wa kwao yameshatangulia. Na yanaweza kumharibia siku. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, Ruvu inashusha tope jingi. Bahari ya karibu na mdomo wa mto inakuwa na rangi ya chai ya maziwa, na hata uvae miwani ya bei gani, utaona mikono yako tu. Matumbawe nayo hayapendi tope, ndiyo maana miamba mizuri iko mbali na mdomo wa mto. Wavuvi wanalijua hilo bila kusoma popote.

SAA SITA ZA MAJI

Tripu ya nusu siku inaonekana kama kifurushi cha kisasa, lakini nusu siku ni kipimo cha bahari yenyewe. Maji yanajaa kwa karibu saa sita, yanakupwa kwa karibu saa sita, na kila siku ratiba inasogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yanakuja maji ya bamvua: yanajaa sana na kukupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini kwenye pwani hii inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo na mkondo unapoa.

Sasa ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare. Maji yakikupwa siku ya bamvua, vyombo vinakaa juu ya mchanga kama magari yaliyoishiwa mafuta. Hiyo tabia ndiyo iliyoupa mji utajiri na ndiyo iliyouporomosha. Jahazi na dau havikuhitaji gati. Viliingia na maji, vikakaa mchangani, vikapakuliwa na wapagazi waliotembea kwa miguu, halafu vikasubiri maji yarudi. Meli kubwa za chuma hazikuweza mchezo huo. Wajerumani walioifanya Bagamoyo makao yao makuu walihamia Dar es Salaam mwaka 1891, na sababu moja kubwa ilikuwa bandari yenye kina.

Kaole, kilomita chache kusini, ilishapitia hayo mapema zaidi. Palikuwa na mji wenye msikiti wa mawe wa karne ya 13. Leo mbele ya magofu yake kuna mikoko pale ambapo zamani vyombo vilitia nanga.

Ndiyo maana nahodha wa Bagamoyo akikwambia "tuondoke saa 1 asubuhi," usimwone mnoko. Siku za bamvua kwenye pwani hii maji yanakupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi. Ukifika ufukweni saa 3 na nusu na spika yako na maboksi ya barafu, boti iko mchangani na hakuna wa kuisukuma. Ukiondoka mapema, unalikuta fungu la mchanga kama Mwambakuni likiibuka, unakaa pale, kisha unarudi maji yakijaa.

WALIOVUSHA MASTAA WA ZAMANI

Mwaka 1857 Burton na Speke walivuka kutoka Zanzibar mpaka Kaole kuanza safari ya kwenda kwenye maziwa makuu. Mwaka 1871 Stanley alivuka na shehena yake mpaka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone. Vitabu vya shule vimewapa wote kurasa. Muulize mwanafunzi yeyote aliyefaulu historia nani aliwavusha, utaona anavyokukodolea macho.

Halafu kuna safari iliyorudi. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wafanyakazi wake waliukausha mwili na kuubeba kwa karibu miezi tisa, njia ya kilomita zaidi ya 1,500, mpaka Bagamoyo mwezi Februari 1874. Historia inawakumbuka kwa majina wawili watatu, akina Chuma na Susi. Wengine kadhaa waliobeba ule mzigo ni "wapagazi" tu. Ufukweni mwili ulipokelewa na Waingereza, ukapandishwa meli ya kivita ya Vulture kwenda Zanzibar, na mmoja tu kati yao ndiye aliyeongozana nao mpaka Uingereza. Waliobaki kazi yao iliishia mchangani, pale pale ambapo leo watu wanapiga picha za machweo.

Na wapo waliopandishwa vyombo Bagamoyo bila kuulizwa. Maelfu ya watu walioletwa na misafara walivushwa kama watumwa kwenda soko la Zanzibar, mpaka soko hilo lilipofungwa mwaka 1873, na biashara ya magendo iliendelea hata baada ya hapo. Majina yao ndiyo yaliyopotea kuliko yote. Ukiwa ndani ya boti na muziki mkubwa, si lazima ulie, ila ni vizuri kujua unapita kwenye njia ya nani.

MIWANI, MBIZI NA UBAO

Wengi wanadhani kuzamia kwa miwani na kusimama juu ya ubao ni mambo yaliyoletwa na watalii. Vifaa, ndiyo. Ule mpira wa kupumulia jina lake la Kizungu linatokana na bomba la hewa la nyambizi za Kijerumani za wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Ule ubao nao ulipata umaarufu Hawaii, ambako vijana wa ufukwe wa Waikiki walikuwa wakisimama juu ya mbao zao na kupiga kasia katikati ya karne ya 20, kabla mchezo haujasambaa duniani miaka ya 2000.

Lakini kazi yenyewe ilikuwepo. Mvuvi wa mtumbwi husimama wima na kusukuma kwa pondo, ule mti mrefu unaogusa chini. Anasimama hivyo asubuhi nzima, na nyavu miguuni. Ngalawa nayo, yenye matengo mawili pembeni ili isipinduke, inabeba ufundi uliofika huku na watu wa bahari kutoka upande wa Indonesia karne nyingi nyuma. Na mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1 unavitaja vyombo vya kushonwa vya pwani hii. Mtepe, uliofungwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, uliendelea kusafiri mpaka mwanzoni mwa karne ya 20.

Mbizi vivyo hivyo. Wanawake wa pwani wamekuwa wakishuka kwenye miamba maji yakikupwa kutafuta pweza na chaza, wanajua shimo gani lina mwenyewe na lipi limehamwa. Wapiga mbizi wa kambakoche wanashuka kwa pumzi yao tu. Hao ndio waliojua mwamba upi una samaki wa rangi kabla hakujawa na mtu wa kulipia kwenda kuwaangalia.

BARUTI

Sehemu hii inauma. Kuanzia miaka ya 1960 uvuvi wa baruti ulishika kasi pwani ya Tanzania. Mlipuko mmoja unaua samaki wakubwa na wadogo na kuvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Sheria ya mwaka 1970 ilikataza, milio ikaendelea. Mwaka 1975 visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, kaskazini ya Dar, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu. Kwa miaka mingi tangazo lilibaki kwenye karatasi, mpaka sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994 ilipoleta usimamizi wenye meno. Mwaka 1998 joto la bahari likapiga tena, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yakageuka meupe na kufa. Kuanzia 2015 vyombo vya dola vikaungana dhidi ya baruti, na milio ikapungua sana.

Waliosaidia ni wengi, wakiwemo wavuvi waliokubali kuwataja wapigaji wa vijijini kwao. Hao kutotajwa kwao kuna maana nyingine kabisa. Jina likitoka, mtu anaweza kuchomewa chombo.

Kwa hiyo mwamba unaoukuta leo umebaki kwa bahati na kwa jasho la watu. Ukisimama juu yake kwa miguu ili upate picha, unavunja kilichonusurika. Ada ya kuingia maeneo tengefu watu wanailalamikia sana, lakini inatokana na historia hiyo.

MAJI HAYANA STAA

Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imejaza kupita kiasi. Waliothibitishwa kufa walipita 200. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, MV Skagit ikazama ikitoka Dar kwenda Zanzibar. Zile zilikuwa meli. Boti ya faiba yenye injini moja na watu 15 waliochanga hela ya tripu ina nafasi ndogo zaidi ya kukosea.

Na vijana wengi wanaopanda boti hawajui kuogelea. Bara mtoto anakatazwa mto kwa sababu ya mamba na mkondo, anakua, anapata kazi, anaonana na bahari akiwa na miaka 24 na simu mkononi. Hapo ndipo nahodha asiyetajwa jina anakuwa mtu muhimu kuliko wote ndani ya chombo.

BASI MNAOPANGA, PANGENI HIVI

Mtafuteni nahodha kabla ya kuchagua tarehe. Wengi wanaanza na tarehe ya bethdei, halafu wanalazimisha bahari ikubali. Mwulizeni siku zipi maji yanaruhusu. Mkitaka fungu la mchanga liwe kubwa, ombeni bamvua. Mkitaka kuzamia kwa utulivu, maji mafu yana mkondo mpole.

Angalieni msimu. Kaskazi, takriban Desemba mpaka Machi, na kipindi cha maleleji kabla yake ndiyo wakati bahari inakuwa rafiki. Masika kuna tope, na kusi ikikaza kuna mawimbi. Asubuhi ni bora kuliko mchana, kwa sababu upepo wa bahari huamka jua likipanda.

Ubao wa kasia usitumike maji yakiwa yanakupwa. Mkondo unatoka nje, na umande, ule upepo wa nchi kavu wa alfajiri, unasukuma huko huko. Mtu anaanza kucheka, anageuka, ufukwe umeshakuwa mstari. Subirini maji yaanze kujaa, na boti ikae karibu.

Hesabuni majaketi ya kujiokolea mkiwa bado ufukweni. Kila kichwa na lake, na livaliwe, lisikaliwe kama mto. Ulizeni chombo kimekaguliwa na kina cheti cha TASAC. Mtu mmoja abaki nchi kavu akijua mmeondoka saa ngapi na mnarudi saa ngapi.

Na nahodha akisema "leo hatutoki," msimtafute mwingine wa bei rahisi. Amekosa hela ya siku nzima ili nyie mrudi nyumbani. Hakuna tangazo la biashara litakalokwambia hivyo.

Mkirudi salama, kabla ya kupandisha picha, mwulizeni kama angependa jina lake liandikwe. Akikubali, liandikeni kwa herufi sawa na za kwenu.

Mtumie stori hii yule anayekusanya michango kwenye grupu. Na kama kuna mzee wa familia yenu aliyewahi kuendesha jahazi, mashua au ngalawa kati ya Bagamoyo, Saadani na Unguja, shusha jina lake hapo chini.