Ng'ombe Wasio na Mchungaji

Sebuleni kwangu hapa Mwanga, Kigoma, imetundikwa picha ya rangi za maji: ng'ombe watano wanene kando ya kijito, miti mirefu, na mawingu mepesi. Ni mandhari ya Uingereza. Nilipewa na mkufunzi wangu wa sanaa nilipohitimu chuo cha ualimu mwaka 1972, na kwa miaka mingi niliwapa wanafunzi wangu waiige kama mfano wa uzuri wa mashambani.

Siku moja mtoto wa Kiha akauliza, "Mwalimu, mchungaji yuko wapi?" Nikamjibu kuwa amelala nyuma ya mti. Ndugu msomaji, nilidanganya. Huko kwao ng'ombe huachwa ndani ya uzio. Sikulijua hilo, wala sikutaka darasa lijue kwamba sijui.

Kwetu Buha ng'ombe hakuwa pambo la kijito. Wale wa pembe ndefu walikuwa zaidi mikononi mwa Watutsi, na Mha aliyemtaka mmoja aliingia katika ubugabire: alipewa ng'ombe, naye akawa mtu wa yule aliyempa, akimtumikia kwa jembe na kwa utii. Babu wa baba yangu alimpata wake kwa njia hiyo.

Kisha ikaja sotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilifagia mifugo ya Afrika Mashariki na nchi za Maziwa Makuu. Babu yangu, wakati huo mtoto, alisimulia kwamba zizini kwao ilibaki kamba tu. Palipopungua ng'ombe na watu, vichaka vilirudi, na mbung'o nao wakaja na malale. Miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza ikawahamisha watu wa mkoa huu na kuwakusanya pamoja ili kuukimbia ugonjwa huo. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha tena. (Mimi nilikuwa miongoni mwa walimu walioishangilia, lakini hayo yana mahali pake.)

Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa sotoka imetokomezwa duniani. Niliposikia habari hiyo redioni nilitamani kumwuliza baba ng'ombe yule wa ubugabire alikuwa wa rangi gani. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Na alipokuwa hai, kila alipoanza habari za ng'ombe, mimi nilikuwa nasahihisha madaftari.

Wale watano wa ukutani nawajua mpaka madoa yao.