Nyumba ya Kupangisha Jimbo la Mbali: Wamarekani Wanavyoanza

Kununua nyumba ya kupangisha katika jimbo usiloishi ni uwekezaji uliozoeleka Marekani, na chanzo chake ni hesabu rahisi: bei za nyumba hupishana mno baina ya majimbo, lakini kodi za pango hazipishani kwa kiasi hicho. Aprili 2024 bei ya kati ya nyumba ya familia moja California ilivuka dola 900,000 kwa mara ya kwanza. Wakati huohuo Cleveland, Memphis na Detroit bado zilikuwa na nyumba za vyumba vitatu kwa chini ya dola 150,000. Mfanyakazi wa San Francisco mwenye akiba ya dola 40,000 hana la kununua mtaani kwake. Akiipeleka Cleveland, jimboni Ohio, inamtosha malipo ya awali na chenji ya kukarabati.

Unafuu huo una historia yake. Cleveland ilikuwa na watu 914,808 mwaka 1950. Sensa ya 2020 iliwakuta 372,624. Detroit katika miaka hiyohiyo ilishuka kutoka zaidi ya milioni 1.8 hadi takriban 639,000, na mwaka 2013 jiji lenyewe likafilisika mahakamani. Viwanda vilifunga, watu wakahama, nyumba zikabaki. Kwa hiyo mwekezaji makini huchagua mji kabla ya kuchagua nyumba. Anauliza nani anaajiri pale, na kama watu wanaingia au wanatoka. Columbus, yenye makao ya serikali ya Ohio na chuo kikuu kikubwa, imeendelea kukua wakati Cleveland ikipungua, ingawa ziko jimbo moja. Baada ya hapo mji nao hugawanywa mtaa kwa mtaa, maana upande mmoja wa barabara nyumba hupata mpangaji ndani ya wiki, na ng'ambo jirani zake ni magofu yaliyozibwa kwa mbao. Mwenyeji analijua hilo tangu utotoni. Mgeni anaonyeshwa picha ya jiko jipya.

Hesabu ndipo wengi wanapoteleza. Wanaoanza hufundishwa kanuni ya asilimia moja: pango la mwezi lisipungue asilimia 1 ya bei ya nyumba. Tuchukue nyumba ya mfano ya dola 120,000 inayopangishwa kwa dola 1,300. Imeipita kanuni vizuri. Mnunuzi anatoa asilimia 25 na kukopa dola 90,000 kwa riba ya asilimia 7, miaka 30; rejesho ni dola 599 kwa mwezi. Akitoa 599 kwenye 1,300 anajiona ameula. Lakini kuna kodi ya majengo, tuseme dola 250, bima 100, na msimamizi 130. Kuna miezi ambayo nyumba itakaa tupu, ambayo lazima itengewe akiba, dola 104, na kuna paa, mabomba na mtambo wa kupasha joto ambavyo havitangazi siku ya kuharibika, dola 195. Jumla inafika dola 1,378. Nyumba iliyofaulu mtihani inamdai mwenyewe dola 78 kila mwezi.

Riba ingekuwa asilimia 4, rejesho lingekuwa dola 430 na nyumba hiyohiyo ingebakiza dola 91. Kanuni ya asilimia moja haiijui riba, wala haijui kodi ya majengo. Kipimo cha maana zaidi ni kuchukua pango la mwaka, kutoa gharama zote isipokuwa mkopo, kisha kugawanya kwa bei. Nyumba yetu inatoa dola 6,252, yaani asilimia 5.2 ya bei. Anayekopa kwa asilimia 7 ili anunue kitu kinachozaa asilimia 5.2 anaongeza hasara kwa kila dola anayokopa, na hakuna ustadi wa kutafuta wapangaji utakaobadilisha hilo.

Kodi ya majengo inastahili kuangaliwa kwa jicho kali, kwa sababu takwimu iliyo kwenye tangazo mara nyingi ni ya muuzaji, si ya mnunuzi. Majimbo mengi humpunguzia kodi anayeishi ndani ya nyumba yake. Indiana imeweka ukomo wa kodi katika katiba tangu 2010: asilimia 1 ya thamani kwa anayeishi mwenyewe, asilimia 2 kwa nyumba ya kupangisha. Alabama hutoza kodi juu ya asilimia 10 ya thamani ya nyumba anayoishi mwenyewe. Ya kupangisha, asilimia 20. Michigan ina mtego mkubwa zaidi. Tangu mageuzi ya 1994, thamani inayotozwa kodi hudhibitiwa isipande haraka maadamu mmiliki ni yuleyule. Nyumba ikiuzwa, mwaka unaofuata thamani hiyo inarushwa hadi nusu ya bei ya soko. Juu yake, asiyeishi humo huongezewa kodi ya shule inayoweza kufika dola 18 kwa kila dola 1,000 za thamani hiyo. Bibi kizee aliyeishi Detroit miaka thelathini analipa kidogo. Anayeinunua nyumba yake akiwa Los Angeles anaweza kuletewa bili maradufu. Mtu wa California anaweza kusahau hilo, kwani Pendekezo la 13, sheria ya jimbo lake ya mwaka 1978, limemzoesha thamani isiyopanda zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka maadamu nyumba haijauzwa. Texas nayo huwavutia wengi kwa kutotoza kodi ya mapato, kisha inajifidia kupitia kodi ya majengo.

Kuhusu mkopo hakuna mengi. Kwa mikopo inayonunuliwa na Fannie Mae, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, mwekezaji anaweza kuanza na malipo ya awali ya asilimia 15 kwa nyumba ya familia moja na 25 kwa yenye familia mbili hadi nne, na riba yake huwa juu kuliko ya anayenunua pa kuishi. Ipo pia mikopo inayopima pango la nyumba badala ya mshahara wa mkopaji. Ni rahisi kuipata, na ni ghali.

Kitu anachonunua hasa mtu wa mbali ni macho na miguu ya watu wengine. Msimamizi wa nyumba hulipwa kwa kawaida asilimia 8 hadi 10 ya pango, pamoja na nusu au mwezi mzima wa pango kila anapoingiza mpangaji mpya. Ada hiyo ya pili ndiyo ya kuiangalia, kwani msimamizi anayelipwa kwa kila mpangaji mpya hana haraka ya kumbembeleza wa zamani abaki. Memphis ina kampuni zinazonunua nyumba, kuzikarabati, kuziwekea mpangaji na kuwauzia watu wa majimbo mengine, kisha zinaendelea kuzisimamia. Biashara hiyo ni halali na humpunguzia mgeni usumbufu, ila muuzaji, fundi na msimamizi wakiwa mtu mmoja, mkaguzi wa nyumba lazima atafutwe na mnunuzi mwenyewe. Mkaguzi huyo apitishe kamera hata kwenye bomba la majitaka, hasa nyumba ikiwa ya kabla ya vita vya pili vya dunia na mizizi ya miti iko jirani. Waafrika Mashariki wa Dallas au Minneapolis waliowahi kujenga Kitengela au Kigamboni kwa kutumiwa picha za simu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Miji nayo imechoka na wamiliki wasioonekana. Cleveland ina mahakama maalumu ya nyumba, na jaji wake wa muda mrefu, Raymond Pianka, aliyefariki 2017, alijulikana kwa kuwaandama wamiliki wa mbali walioziacha nyumba zioze. Mwaka 2024 jiji lilipitisha sheria inayomlazimu mmiliki anayeishi nje kuwa na mwakilishi, mtu halisi anayeishi karibu, atakayewajibika kisheria kwa hali ya nyumba. Kabla ya hapo, kuanzia 2021, nyumba za kupangisha zilizojengwa kabla ya 1978 zilianza kutakiwa kuwa na cheti cha usalama dhidi ya risasi, madini yaliyokuwa kwenye rangi za zamani yenye kudhuru ubongo wa watoto. Nyumba nyingi za bei nafuu Cleveland ni za umri huo, kwa hiyo gharama ya cheti hiki na ya kuondoa rangi ni sehemu ya bei. Sheria za amana, notisi na kumtoa mpangaji asiyelipa pia hubadilika kila jimbo. Mkataba ulionakiliwa kutoka jimbo jingine unaweza kumwangusha mwenye nyumba mbele ya hakimu.

Kwenye kodi ya mapato, serikali kuu ina ukarimu: tangu sheria ya 1986, gharama ya jengo bila kiwanja hukatwa kama uchakavu kwa miaka 27.5, hivyo jengo la dola 100,000 hufuta takriban dola 3,636 za mapato kila mwaka. Nyumba ikiuzwa kwa faida, punguzo hilo hudaiwa tena kwa kiwango kisichozidi asilimia 25. Jimbo lenye nyumba hutaka fomu yake, jimbo analoishi mmiliki hutaka yake na kumpunguzia alicholipa kule, na Cleveland kama jiji hutoza asilimia 2.5 ya faida ya pango. Tennessee haimtozi mtu binafsi kodi ya mapato, lakini nyumba ikiwekwa chini ya kampuni, kampuni inaweza kutozwa. Mkazi wa California anayefungua kampuni ya namna hiyo na kuiendesha akiwa nyumbani hulipa jimbo lake angalau dola 800 kila mwaka, hata kama nyumba iko Memphis. Kwenye nyumba moja ya bei nafuu, bima nono zaidi huenda ikawa kinga yenye akili kuliko kampuni.

Wapo wanaoanza kwa kubadilisha badala ya kununua upya: wanauza nyumba ya kupangisha ya California, wanataja mbadala ndani ya siku 45, wanakamilisha ununuzi ndani ya siku 180, na kodi ya faida inaahirishwa. Dola za nyumba moja ya San Jose zinaweza kuzaa tano za Indianapolis. Tangu 2014 California huwataka watu hao wajaze fomu ya ziada kila mwaka, ili faida iliyoahirishwa ndani ya jimbo itakapofika siku ya kutozwa, jimbo liwe bado linajua nyumba hizo ziko wapi.