Hazina ya Karatasi: Jinsi Waayalandi Walivyookoa Maandishi ya Watu Wao Mashuhuri

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kunena habari za hazina isiyo dhahabu wala pembe, nayo ni karatasi: barua, miswada, madaftari ya hesabu, na vitabu vidogo ambamo mtu huandika mambo ya kila siku. Tumechagua nchi ya Ayalandi, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza, kwa sababu watu wake waliujua mapema uchungu wa kupotewa na maandishi. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaona kwamba neno hilo lawafaa mataifa kama linavyowafaa wenye maduka.

Katika mji wa Dublin, kando ya mto Liffey, liko jumba kubwa la mahakama liitwalo Four Courts. Mwaka 1867 ilianzishwa hapo ofisi ya kutunza kumbukumbu za serikali, zikakusanywa hati za karibu miaka 700: wosia wa marehemu, hukumu, hati za ardhi, na vitabu vya kuhesabiwa watu. Mwaka 1922 Waayalandi walipigana wao kwa wao kwa ajili ya mapatano yaliyofanywa na Uingereza. Kundi moja lililoyakataa mapatano hayo lilishika jumba hilo mwezi wa Aprili. Tarehe 28 Juni majeshi ya serikali mpya yakaanza kulipiga kwa mizinga, na tarehe 30 palitokea mshindo mkubwa na moto, nyumba ya kumbukumbu ikateketea. Vipande vya karatasi vilipaa hewani vikaanguka juu ya mji kama manyoya. Vitabu vya hesabu ya watu vya miaka 1821, 1831, 1841 na 1851 viliangamia karibu vyote. Basi mtu atakaye kujua wazee wake walikaa wapi kabla ya njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, mara nyingi hukuta njia imekatika.

Baada ya hasara hiyo ndipo ilipodhihirika thamani ya karatasi zilizokuwa mikononi mwa watu. Wako wanazuoni wa zamani waliokuwa wamenakili hati hizo kwa mikono yao, kwa kupenda elimu tu. Nakala zao zikawa mbegu iliyosalia baada ya shamba kuungua. Mwaka 2022, miaka 100 baada ya moto, wanazuoni walioongozwa na Chuo cha Trinity cha Dublin walifungua katika intaneti hazina ya nakala zilizokusanywa kutoka maktaba nyingi za ndani na za ng'ambo.

Sasa tutazame maandishi ya mtu mmoja, James Joyce, aliyezaliwa Dublin mwaka 1882, akaandika kitabu kiitwacho Ulysses, kilichotolewa Paris mwaka 1922. Vita vilipofika Ufaransa mwaka 1940, Joyce alikuwa ameondoka Paris, na karatasi zake zimebaki nyumbani. Alikuwako rafiki yake, Paul Léon, Myahudi aliyetoka Urusi. Huyu alirudi katika mji uliokwisha kutekwa na Wajerumani, akaingia katika nyumba ya Joyce, akachukua alizoweza kuchukua. Vitu vingine vilipopigwa mnada, akavinunua. Kisha akampa mjumbe wa Ayalandi mjini Paris sehemu ya karatasi hizo, ili zipelekwe katika Maktaba ya Taifa ya Dublin, kwa sharti kwamba zisifunguliwe mpaka miaka 50 ipite tangu kufa kwa Joyce.

Joyce alifariki Zurich mwezi wa Januari 1941. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Léon alikamatwa, na mwaka 1942 akauawa katika kambi ya Auschwitz. Karatasi zilikaa zimefungwa mpaka muda ukatimia. Mwaka 2002 Maktaba hiyo ilinunua kwa jamaa ya Léon miswada mingine ya Joyce kwa euro milioni 12.6. Wengine watashangaa kwamba fedha nyingi hivi zilitolewa kwa karatasi zenye mistari iliyofutwa na kuandikwa tena. Lakini humo ndimo tuonapo jinsi fikira inavyozaliwa: kitabu kilichopigwa chapa hutuonyesha nyumba iliyokwisha, na mswada hutuonyesha fundi akipanga mawe.

Habari za Roger Casement zatugusa kwa karibu zaidi, kwa kuwa zahusu Kongo. Mwayalandi huyu alikuwa balozi mdogo wa Uingereza, na mwaka 1903 alisafiri Kongo ya juu akiandika ushuhuda wa watu walioteswa kwa ajili ya mpira. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1904, ikaitikisa Ulaya. Baadaye aligeuka kupigania uhuru wa Ayalandi, akanyongwa London tarehe 3 Agosti 1916. Karatasi zake nyingi zimo katika Maktaba ya Taifa ya Dublin, lakini kitabu chake cha mambo ya kila siku cha mwaka 1903 kimo katika kumbukumbu za serikali ya Uingereza. Basi atakaye kuisoma safari ile hana budi kubisha hodi katika miji miwili.

Hapo twaona shida moja kubwa: karatasi hufuata fedha na madaraka. Maandishi mengine mengi ya Joyce yako katika Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani. Hayakupotea, yatunzwa vizuri. Lakini mwanafunzi maskini wa Dublin ameyasikia bila kuyaona. Kwa hiyo twamsifu mshairi Seamus Heaney, ambaye mwaka 2011 aliipa Maktaba ya Taifa miswada yake bila malipo, akayapeleka makasha yeye mwenyewe. Naye alifariki mwaka 2013. Wachoraji nao hawakusahauliwa. Chumba cha kazi cha Francis Bacon, mzaliwa wa Dublin, kilihamishwa kutoka London na vitu vyake zaidi ya 7,000, kila kimoja kikiandikwa mahali kilipokuwa, kikafunguliwa katika jumba la sanaa la Hugh Lane mwaka 2001.

Je, ni haki kuzisoma barua za siri za marehemu? Twaona jibu jema ni lile la Léon: kuzitia lakiri kwa muda, si kuzichoma. Serikali ya Ayalandi ilifanya vivyo hivyo kwa ushuhuda 1,773 wa watu walioshiriki katika vita vya uhuru, uliokusanywa tangu mwaka 1947. Ulifungwa, ukafunguliwa mwaka 2003, wengi wa wenyewe wakiwa wamekwisha kufa. Aibu hupungua kwa miaka, bali majivu hayarudi kuwa barua.

Basi, wasikilizaji, kazi hii haina budi kuanza nyumbani. Ondoeni pini zenye kutu. Wekeni karatasi mahali pakavu, mbali na jua, mchwa na panya. Andikeni juu ya kila bahasha jina na mwaka. Na mzee akifariki, msikimbilie kuwasha moto uani kabla ya mtu ajuaye kusoma kutazama kilichomo sandukuni.